"Si Ni Shamba Yangu?" Historia Fupi ya Kibali cha Kuchimba Udongo

"Si ni shamba yangu?"

Hii sentensi utaisikia kila mahali Kenya. Mtu ameita tingatinga Jumamosi asubuhi, kilima kinakatwa kama mkate, udongo mwekundu unasukumwa upande wa chini kwa jirani, na ukiuliza kama kuna kibali, jibu ni hilo. Shamba ni yangu, taito iko na jina langu, wewe ni nani?

Na kusema ukweli, hiyo hasira ina mizizi. Nchi yetu ina historia mbaya sana na watu wa serikali wanaokuja kukwambia vile utachimba udongo wako. Shida ni kwamba tunaikumbuka hiyo historia nusu tu. Tunakumbuka kuonewa, halafu tunaruka hadi kwa hitimisho kwamba kibali ni upuzi wa kanjo wanaotafuta ya chai. Leo twende yote, kutoka miaka ya 1930 mpaka sasa, kwa sababu hili swali la lini mwenye shamba anahitaji ruhusa ya kusogeza udongo wake limeua watu hapa Kenya, na litaua wengine.

Jembe la lazima

Miaka ya 1930 kule Marekani upepo ulibeba udongo wa mashamba makubwa ya katikati ya nchi mpaka anga ikawa nyeusi. Habari hizo zilitisha serikali ya mkoloni hapa. Wakaanza kuangalia vilima vya Ukambani na Murang'a na kusema: huyu Mwafrika anaharibu ardhi, lazima azuiwe.

Sasa, mmomonyoko ulikuwepo kweli. Makorongo ya Machakos hayakuwa ya kubuni. Lakini kitu ambacho ripoti za wakoloni hazikupenda kuanza nacho ni kwa nini watu walikuwa wamebanana kwenye vilima hivyo. Ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi, watu na mifugo wakafungiwa kwenye maeneo waliyotengewa, idadi ikapanda, udongo ukachoka. Unafungia watu kwenye kona halafu unawalaumu kwa sababu kona imechafuka.

Ukambani, mwaka 1938, serikali iliamua ng'ombe ni wengi sana na ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza. Kampuni ya nyama ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda Athi River, na ng'ombe wengi waliishia huko kwa bei ya kutupa. Samuel Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Yeye akakamatwa na kupelekwa Lamu, lakini mwaka huo huo serikali ikaacha kuchukua mifugo kwa lazima. Wakati mwingine ukipita pale City Market na usome kibao cha Muindi Mbingu Street, ujue ni barabara ya mtu aliyekataa kuamuliwa juu ya ardhi bila kuulizwa.

Murang'a ndiyo hadithi inayogusa udongo wenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali iliagiza matuta yachimbwe kwenye miteremko. Kila jamii ilitakiwa kutoa nguvu kazi, na chifu ndiye aliyehakikisha. Kwa sababu wanaume wengi walikuwa mjini au kwenye mashamba ya walowezi, jembe liliwaangukia wanawake. Asubuhi mbili kila wiki, bila malipo, juu ya kazi ya shamba, maji, kuni na watoto. Hakuna mlowezi aliyeitwa na chifu kuchimba mtaro kwa mkono alfajiri.

Julai 1947 mkutano mkubwa wa KAU ulifanyika Murang'a, ukasema wanawake wasiendelee na kazi hiyo. Kazi ikasimama karibu mara moja. Mwaka uliofuata, 1948, wanawake wapatao 2,500 waliingia mjini Murang'a wakiimba na kucheza, kuambia serikali kwamba hawachimbi tena, wako na kazi ya kutosha nyumbani. Wengine walikamatwa. Hao ni shosho zetu. Miaka michache baadaye nchi ikaingia kwenye Hali ya Hatari, na matuta ya lazima yakarudi kama adhabu ndani ya vijiji vilivyozungushiwa mitaro.

Kwa hivyo mzee wa Murang'a akikunja uso ukimtajia ruhusa ya kuchimba, usimcheke. Kwake sheria ya udongo ilikuja na kiboko.

Matuta yale yale, bila kiboko

Lakini hapa ndipo hadithi inageuka, na ndiyo sehemu tunayoisahau.

Rudi Machakos. Mwaka 1932 wilaya ilikuwa na watu kama 240,000. Mwaka 1989 walikuwa wamefika karibu milioni 1.4. Kwa hesabu ya mkoloni, hapo ardhi ilipaswa kuwa imekufa kabisa. Haikufa. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu mwaka 1994 kuonyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yamepanda, huku watu wakiwa karibu mara sita.

Ilikuwaje? Watu walichimba matuta. Wengi wao kupitia mwethya, vile vikundi vya kusaidiana ambavyo wanawake ndio walikuwa uti wa mgongo wake. Leo kwa shamba yangu, kesho kwa yako. Mtindo uliopendwa zaidi mpaka leo unaitwa kwa Kiswahili duniani kote: fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unaurusha upande wa juu, siyo wa chini. Polepole ule udongo unakuwa ukingo, maji yanakaa nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa mteremko unakuwa ngazi.

Angalia vizuri. Ni udongo ule ule, jembe lile lile, na mara nyingi wanawake wale wale. Walipolazimishwa walikataa. Walipoamua wenyewe, wakati shamba ni lao na mavuno ni yao, walichimba maelfu ya kilomita za matuta. Mimi hapa najifunza kwamba watu hawakuwa wanapinga kanuni ya kutunza mteremko. Walikuwa wanapinga mtu anayeamua peke yake, kutoka juu, na gharama inabebwa na walio chini.

Shika hiyo sentensi. Tutairudia tukifika kwa tingatinga.

Kilima cha Los Angeles

Sasa kuna mtu atasema, sawa, hizo ni siasa za ukoloni, lakini kibali chenyewe kinasaidia nini? Udongo ni udongo. Kwa hilo tunahitaji mahali ambapo mtu alihesabu, na mji uliohesabu ni Los Angeles.

Baada ya vita hiyo hiyo ya pili, Los Angeles ilijaa watu. Mashine kubwa zilikuwepo, na wajenzi wakaanza kukata vilima na kumwaga udongo mabondeni ili wapate ploti tambarare zenye kuona mji vizuri. Hakukuwa na sheria ya kueleza udongo ukatwe vipi au ushindiliwe vipi. Mwenye kilima alikuwa na ile ile sentensi yetu: si ni shamba yangu?

Januari 1952 mvua kubwa ikanyesha. Udongo uliomwagwa bila kushindiliwa ukashuka na kuingia kwenye nyumba za watu. Mwaka huo huo mji ukapitisha sheria ya kuhitaji kibali kabla ya kukata au kujaza ardhi kwenye vilima, mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Mwaka 1963 sheria ikakazwa, mainjinia na wataalamu wa miamba wakalazimika kukagua na kutia sahihi.

Halafu ukaja mtihani. Mwanzoni mwa 1969 mvua mbaya zaidi ikapiga mji wote. Waliokagua baadaye wakagawa ploti za vilimani kwa makundi matatu. Zilizotengenezwa kabla ya 1952, bila kibali, zilikuwa kama 10,000, na 1,040 ziliharibika. Hiyo ni moja kwa kila kumi. Za kati ya 1952 na 1962 zilikuwa kama 27,000, zikaharibika 350. Zilizotengenezwa chini ya sheria kali ya 1963 zilikuwa kama 11,000. Zilizoharibika? 17.

Mvua ni ile ile. Vilima ni vile vile. Kutoka moja kwa kumi hadi chini ya mbili kwa elfu.

Na kitu ninachopenda kwa kanuni za aina hiyo, ambazo baadaye zilienea magharibi mwa Marekani, ni kwamba hazikumsumbua kila mtu. Ukichimba chini ya futi mbili, endelea na maisha yako. Ukimwaga udongo usiozidi futi tatu, hautajenga juu yake, hauzidi yadi 50 za ujazo (kama lori tatu au nne kubwa hivi) na hauzibi njia ya maji, hakuna mtu atakuuliza. Ukipita hapo, lazima uje uongee.

Ukisoma kwa makini unaona kanuni haiulizi shamba ni ya nani. Inauliza mambo manne: unachimba kina gani, unasogeza udongo kiasi gani, mteremko ni mkali kiasi gani, na maji yatapita wapi ukishamaliza. Ni maswali ya mtu anayeishi chini ya kilima.

Na sisi tunasema nini?

Watu wengi hudhani Kenya haina sheria ya haya mambo. Iko, na iko tangu zamani.

Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, serikali yetu wenyewe ilitunga kanuni za matumizi ya ardhi ya kilimo. Zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani ukienda mbele mita 100 umepanda zaidi ya mita 35. Kati ya asilimia 12 na 35, ulime lakini uweke kinga ya udongo. Kando ya mto, uache nafasi. Zile hoja za mmomonyoko zilibaki, ila safari hii zimetungwa na serikali tuliyoichagua.

Katiba ya 2010 inalinda mali yako kwenye kifungu cha 40. Lakini songa mbele hadi 66, utakuta serikali inaruhusiwa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama wa watu, afya ya umma na mipango ya ardhi. Ardhi yoyote. Taito haikutoi humo.

Halafu kuna sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Hiyo inasema huwezi kufanya uendelezaji ndani ya kaunti bila ruhusa ya kaunti, na uendelezaji umeelezwa kuwa ni pamoja na kufanya kazi yoyote juu ya ardhi, siyo kuinua ukuta peke yake. Ukianza bila ruhusa, ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au jela isiyozidi miezi miwili, au vyote. Kwa hivyo yule anayesema "bado sijajenga, nasawazisha tu" ajue kusawazisha kwa ajili ya mjengo ni sehemu ya mjengo. Kibali kinatangulia tingatinga.

Ukigusa mto, ziwa au kinamasi, unahitaji idhini ya maandishi ya Nema kabla ya kuchimba au kuvuruga chochote, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Ukitaka kuzuia maji, kujenga bwawa, unakwenda pia kwa mamlaka ya rasilimali za maji. Machimbo ya mawe, mabwawa na majengo makubwa yanahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kwanza.

Na hapana, hakuna anayekuomba kibali ukichimba shimo la kupanda ndizi au ukilainisha kitalu cha sukuma nyuma ya nyumba. Hilo ni jembe. Tunaongea kuhusu mashine.

Usiku wa Solai

Sasa turudi kwa ile sentensi niliyokwambia uishike.

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, mvua nyingi ikiwa imenyesha, ukuta wa udongo wa bwawa kwenye shamba kubwa la binafsi Solai, kaunti ya Nakuru, ulipasuka. Maji na matope yakashuka mteremko gizani hadi kwa watu waliokuwa nyumbani kwao. Watu wasiopungua 48 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Maafisa wa maji wa serikali walijitokeza baadaye kusema bwawa hilo halikuwa na kibali.

Soma hiyo mara mbili. Bwawa linaonekana. Haliko mfukoni mwa mtu. Lilikaa juu ya kilima, watu wakaishi chini yake, na ofisi iliyopaswa kuuliza yale maswali manne ikangoja hadi baada ya mazishi ndipo iseme haikuwa imeulizwa. Kesi ya kuua bila kukusudia ilianza mwaka huo huo. Februari 2020 ikafutwa, baadaye Mahakama Kuu ikaagiza irudi. Familia zikaendelea kupanda na kushuka ngazi za korti.

Hapa ndipo naona tumegeuza historia juu chini. Mwaka 1947 sheria ya udongo ilimwandama mama mwenye jembe na kumwacha mwenye shamba kubwa. Leo tunasema tumekomboka. Lakini nani hukamatwa na kanjo? Ni yule wa kibanda aliyechimba msingi wa futi mbili Jumapili. Mwenye tingatinga tatu anachimba usiku, malori yanatoka saa nane, na asubuhi jirani anaamka ukuta wake una ufa. Nani anaamua peke yake, kutoka juu, na nani anabeba gharama chini? Kiboko kilibadilisha mkono tu.

Na mwenye tingatinga akiulizwa, anavaa maneno ya shosho zetu. "Hii ni shamba yangu, serikali isinisumbue." Hapana, bosi. Shosho wa 1948 alikuwa anakataa kufanyishwa kazi ya bure. Wewe unakataa kuulizwa maji yataenda wapi. Hizo si vita moja.

Najua jibu la pili litakuwa lipi: kibali ni karatasi, na karatasi Kenya inanunuliwa. Ni kweli. Agosti 2018, miezi mitatu tu baada ya Solai, matingatinga ya serikali yalibomoa South End Mall pale Lang'ata na Ukay Centre Westlands kwa kukaa kwenye njia ya mto. Majengo makubwa hivyo hayakuota usiku mmoja. Yalisimama hapo mchana, kwa miaka, kila afisa akipita. Lakini dawa ya karatasi inayouzwa haiwezi kuwa kutokuwa na karatasi. Los Angeles haikupata zile ploti 17 kwa sababu ya muhuri. Ilizipata kwa sababu mtu alikwenda kwenye kilima, akapima, na akaweka jina lake chini ya kazi.

Kwa hivyo tuanze na kile tunachoweza kufanya sasa hivi, na hakihitaji pesa. Ile sheria ya 2019 inasema anayeomba ruhusa ya uendelezaji lazima autangazie umma, na tangazo hilo liwaalike watu kupeleka pingamizi kaunti. Hilo ndilo jambo ambalo wanawake wa Murang'a hawakupewa kamwe: nafasi ya kuongea kabla ya udongo kusogezwa. Wao iliwabidi waimbe barabarani na kuwekwa ndani. Wewe unaweza kuandika barua. Na kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila hata kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Huhitaji kungoja ukuta uanguke.

Ukiona kilima kinakatwa mtaani kwenu, uliza kibao kiko wapi. Piga picha. Uliza kwa upole, ukiwa na mashahidi, udongo unamwagwa wapi na mvua ikija maji yatashukia kwa nani. Kama hakuna majibu, andikieni kaunti na Nema mkiwa wengi, mweke tarehe, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Siku mambo yakiharibika, hakuna afisa atakayesema hakuambiwa.

Na kama wewe ndiwe mwenye shamba, umepata ploti yako ya kwanza na unataka kuisawazisha, hongera kwa kweli. Nenda kaulize kibali kabla ya kuita tingatinga. Siyo kwa sababu serikali ni nzuri. Ni kwa sababu chini ya mteremko wako kuna nyumba, ndani yake kuna mtu amelala, na hiyo karatasi ndiyo njia pekee ya yeye kuulizwa kitu kabla mvua ya Aprili haijafika.